Mgongo wa Namba Tisa

Magazeti yalimjua kwa uso.
Mimi nilimjua kwa mgongo.
Miaka kumi na mmoja nimeusoma:
mshono uliofumuka chini ya ile tisa,
kovu la chai ya moto pembeni mwa shingo,
na ule mtikisiko mdogo wa bega la kushoto
kabla hajachomoka kuelekea kulia.

Hezron Lumadede.
Alitokea Kangemi na njumu za kuazima,
namba arobaini na nne, mguu wake arobaini na mbili,
soksi za dadake zimeshindiliwa kwenye vidole.
Nilimcheka.
Dakika ya saba nilikuwa chali uwanjani City,
vumbi mdomoni,
nikisikia nyavu tu, fyaa,
na Makongeni nzima ikisimama juu ya mbao.

Tangu siku hiyo kocha hakuwa na mawaidha marefu.
"Mulandi, yule ni wako."
Akawa wangu.
Nilimvuta jezi, nilimkanyaga vidole kwenye kona,
nilimtukana kwa Kikamba, akanijibu kwa Kilogooli,
hakuna aliyeelewa, sote tukakasirika.
Siku za goti kuuma nilizijua, alinuka mnanaa.
Mshahara ukichelewa nilijua pia,
pumzi ilikuwa ya chai ya rangi, basi.
Mpira ukitoka nje tuliulizana:
"Nyinyi mmelipwa?"
"Wa Machi. Nyinyi?"
"Februari."
Kisha krosi ikaja, tukapigana viwiko.

Mwaka wa mabao kumi na tisa
walimwita ng'ambo kwa majaribio.
Alikwenda na koti, nalo la kuazima,
akarudi baada ya wiki tatu
amenenepa kidogo, amenyamaza sana.
Sikumwuliza. Mgongo uliniambia:
ulikuwa wa mtu aliyebisha hodi,
akasikia redio ndani,
na mlango usifunguliwe.

Goti lilikwenda Kasarani, siku ya mvua.
Hakuna aliyemgusa. Niliinua mikono refa aone.
Lakini mlio niliusikia mimi peke yangu,
kama muwa unaovunjwa.
Miezi kumi na minne nikakaba wavulana wengine,
wepesi, wenye mitindo ya nywele,
migongo isiyo na habari yoyote.
Jumapili nilikunja jezi yangu kavu
na kuona haya kuwa kavu.

Alirudi ana thelathini na tatu.
Bega bado lilitikisika,
ila miguu ilipata habari baadaye,
kama jamaa wa mbali wanaposikia msiba.
Mashabiki wake wenyewe walimwita babu.
Mechi ya mwisho ya msimu, dakika ya themanini na tisa,
hakuna bao, hakuna jua,
mpira ukamfikia tumboni akiwa amenigeukia mgongo.
Bega likatikisika.
Nilijua. Mguu wangu wa kulia nao ulijua.
Ukachelewa.
Sikuuambia uchelewe. Nitaapa popote.

Picha ipo: yeye amepiga magoti, mdomo wazi,
nyuma yake kipande cha bega langu.

Sasa ana bucha pale Burma.
Nilisimama kwenye foleni, nikafika.
"Kilo moja," nikasema. "Bila mfupa."
Alikata kimya. Halafu, macho kwenye nyama:
"Uliniachia."
"Sikukuachia."
Kisu kikakaa hewani kwa muda
wa mtu kufikiria penalti.
Akapima. Mshale ulizidi nukta moja,
akaondoa kipande cha mafuta kisichofika kucha.
Akadai bei kamili. Akahesabu chenji hadi shilingi ya mwisho.
Kisha akanipa mgongo,
kutafuta gazeti la kufungia,
na lile bega la kushoto, chini ya koti jeupe lenye damu,
likatikisika.

Nami, mfuko mkononi, watu nyuma yangu wakisukumana,
nikaegemea kulia.