Kiganja

Steshenari yangu ipo Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Msimu huu sichapi kadi za harusi;
nawajazia watoto tahasusi.

Mwanjaa Semkiwa kaja na babaye,
ndala za mzee zimeganda vumbi la kiwanda cha Pongwe.
"Hesabu kapata ngapi?"
"B."
Baba anakohoa. "Weka ile yenye hesabu nyepesi.
Akipata A tatu, chuo kitamwita chenyewe."

Mtoto haangalii kioo. Ameandika
kiganjani kwa wino: PCM.
Kidole gumba kinaifunika, kinaifunua.

Mwaka wangu mimi
niliikimbia hesabu kama deni la dukani,
nikizunguka barabara ya kumi na tatu ili nisionekane.
A nilizipata. Dirisha la uhandisi
likaniuliza jambo moja tu.
Sasa najumlisha karatasi: mia, mia, mia mbili.

Haikuwa kazi yangu kusema.
Nikasema: "Mzee, saruji mnaichanganya kwa makisio?"
Akacheka kidogo, akaacha.
"Kwa kipimo. Udongo ukizidi, ukuta wa mtu unaanguka."

Umeme ukakatika. Tukakaa gizani watatu,
feni ikizunguka kwa mazoea, hadi ikachoka.
Uliporudi, fomu ilikuwa tupu,
kama haijawahi kutuona.

"Anza upya," baba akasema, akinitazama mimi,
"na umuulize mwenyewe."

Mwanjaa akafungua kiganja.
Jasho lilikwisha kuifuta P, na C nusu yake.

M ilikuwepo.