Sikio la Boriti

Unga ulianza kushuka kitandani mwezi wa Shaabani,
mweupe, laini, kama wa mchele uliochekechwa usiku.
Shangazi Mwana Esha akaupangusa kwa kiganja, akasema ni vumbi.
Fundi Bakathiri wa Langoni akasema si vumbi:
"Nipe sauti ya boriti saa moja, nikwambie ziliwazo ni ngapi."

Basi nikapanda ngazi na kikompyuta changu,
ubao mmoja tu, upana wa kijaluba cha tambuu,
nikabandika maikrofoni kwa nta kwenye mti wa saba.

Usiku wa kwanza: faili la baiti arobaini na nne.
Kichwa kitupu. Bahasha yenye anwani, ndani hamna barua.
Kosa langu: nilichomeka waya kwenye tundu la duara,
na tundu lile ni la kusema tu, halikuumbwa kusikia.
Nawajua watu wa namna hiyo, wana ofisi Mkunguni.

Nikanunua ya yuesibi kwa Lali Shekuwe, mia nane, bila risiti.
Usiku wa pili: kimya, lakini kimya kirefu, saa nzima.
Nikaiambia mashine iorodheshe masikio yake.
Kadi sifuri, ikajibu, ni ya televisheni.
Televisheni ipi? Nyumba hii haina hata antena.
Nikaielekeza kadi namba moja.
Umeme ukakatika, ukarudi,
na namba moja ikawa namba mbili,
kama wapangaji waliobadilishana vyumba usiku.
Nikaacha namba, nikaiita kwa jina lake.
Kwa jina iliitika.

Usiku wa tatu: mvumo. Nyuki ndani ya mtungi.
Na radi ndogo ya manjano pembeni mwa kioo:
chaja ya simu, tena ya kuazima,
haiwezi kulisha ubao na sikio pamoja.

Nikabadilisha chaja. Nikapandisha kiwango cha kunasa.
Nikaenda kulala nyumba ya pili, nisije nikakohoa.

Alfajiri nikavaa vipokea sauti.
Punda wa jirani. Maji ya birika. Kisha
tk.
tk tk.
Meno, madogo kuliko chembe ya chumvi, ndani ya mkoko
uliokatwa kabla babu hajatahiriwa.
Nikafurahi, Mungu anisamehe,
nikafurahi kama niliyeletewa habari ya mtoto.

Dakika ya thelathini na saba, ndara ngazini.
Shangazi, yeye aliyetwambia ni vumbi.
Anavuta pumzi karibu na maikrofoni, haioni au haijali,
anawaambia walio ndani ya mti:
"Kuleni polepole. Ningalipo."

Wakanyamaza kidogo.
tk.

Fundi anangoja faili. Anataka sauti safi, isiyo na mtu.
Kipande kile kinakatika kwa amri moja.
Nimeiandika. Sijabonyeza.