Ukingoni

Saa kumi na moja alfajiri, Szolnok, Januari.
Dada yangu Emőke anavaa soksi gizani
asije akaniamsha, nami niko macho zamani,
nasikia baiskeli ikikwaruza theluji uani.

Bwawa halina paa. Maji yake yanatoka moto ardhini,
na nje baridi imeshuka nyuzi tisa chini ya sifuri.
Mvuke umesimama kama ukuta wa pamba.
Kocha Gedeon hawaoni waogeleaji wake, anawasikia tu:
pa, pa, pa,
viganja vikipiga maji,
na kwa mlio huo anamjua nani mvivu.
"Emőke! Kiwiko!"
Na humo mvukeni, kiwiko kinanyanyuka.

Wanauita mtindo huru.
Nilicheka siku nilipolisikia jina.
Huru wa nini? Alfajiri si yake,
nyama yake hupimwa kwa mizani,
pumzi ni kila mkono wa tatu, kushoto, kisha kulia,
na chini ya tumbo lake, mwaka baada ya mwaka,
mstari mweusi wa vigae usiokwenda popote
ila ukutani, na kurudi.

Mama alifanya kazi kiwanda cha sukari,
alirudi na utamu umemkaukia kwenye nyusi.
Alikata mkate, akaupaka mafuta ya bata bukini,
akanyunyiza paprika, akamsogezea Emőke.
"Maji umeyavulia nguo," alisema. "Yaoge."
Mimi nilipewa kipande cha pembeni.
Sikuona wivu.
Uongo. Niliuona, nikaulalia kama mto.

Kisha Sofia, mita mia nne,
bwawa zima mara nane.
Tulitazama kwa jirani Etelka, televisheni yenye rangi mbovu,
maji ya zambarau, watu wa kijani.
Mara sita alikuwa wa nne.
Mara ya saba alipinduka ukutani, akatoka
kama aliyekumbuka kuwa ameacha maziwa motoni.
Etelka alivunja sahani. Mama hakupiga kelele;
alikuwa anahesabu mikono, midomo ikimcheza,
na mkono wa mwisho ulipogusa
alisema tu, "Haya," akaenda zamu ya usiku.

Medali ile imo kwenye chupa ya matango ya siki,
pamoja na nyingine kumi na nne.
Ukiitikisa inalia kama kibubu cha mtoto.

Haimo ya miaka minne baadaye, ya fedha.
Aliyemshinda alimpita kwa sehemu moja ya mia ya sekunde,
na hiyo majini ni upana wa kidole.
Usiku wa kuamkia mbio zile alikuwa amekata kucha.
Hesabu haikubali, najua, hata yeye anajua,
lakini aliniambia mimi peke yangu, mara mbili,
na medali sijui aliiweka wapi.

Baadaye bega. Sindano, barafu, sindano.
Gedeon akaikunja saa yake ya kupimia ndani ya leso,
akampa, akashindwa kusema kitu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Zake zilianzia ukingoni, zikaishia ukingoni,
na ukingo ni uleule, vigae vyeupe, viwili vimepasuka.
Sasa anasimama hapo na filimbi,
anafundisha wastaafu wenye kofia za maua ya plastiki
kuelea chali. "Acheni shingo," anawaambia.
"Maji hayawadai chochote."

Nikilala kwake namsikia bado.
Saa kumi na moja anaamka, anatafuta soksi gizani,
anavaa moja,
anakaa ukingoni mwa kitanda na nyingine mkononi.
Kushoto. Kulia.
Nami najifanya nimelala.