Tupa Nyuma

Mpira wenyewe hauna adabu.
Ukiudondosha huku, unarukia kule,
kama kuku aliyekata kamba mkesha wa sikukuu.
Saumu alisema, Mama, ni yai.
Nikasema ni papai bichi.
Mwenye duka akasema ni saizi ya tatu,
akanipa risiti.

Pontypridd, Jumapili, saa nne asubuhi.
Manyunyu hayanyeshi wala hayaachi,
yamekaa bondeni kama mgeni asiyeaga.
Nimetoka zamu ya usiku, chumba cha kufulia cha hospitali,
viganja bado vinanuka sabuni ya mashuka,
na hapa watoto ishirini wa miaka saba
wanagaragara topeni, tena wanasifiwa.

Kocha Gethin ana masikio kama chapati zilizokunjwa vibaya.
Alinieleza raga kwa vikombe vinne mezani:
hiki chetu, hiki chao, hiki refa.
Cha nne alikinywa.
"Unataka kwenda mbele?" akasema. "Basi tupa nyuma."
Nilidhani Kiingereza changu kimenikwama tena.
Mbele kwa miguu, nyuma kwa mikono.
Nikakariri kimoyomoyo, kama namba ya simu.

Saumu kafungwa mkanda, tepe mbili nyekundu kiunoni.
Ukichomolewa utepe umekamatwa;
haangushwi mtu, ila wanaanguka wenyewe, kwa raha zao.
Wiki ya kwanza alikimbia na mpira hadi maegesho ya magari.
Wiki ya pili alichuchumaa kumchunguza konokono,
mchezo ukampita kushoto na kulia.
Wiki ya tatu alilia: Osian kamchomolea utepe,
halafu akamrudishia kwa mikono miwili
kama muuzaji anayerudisha chenji.

Uwanja wa pili, skramu ya wanawake.
Kumi na sita wameinamiana
kama wanaotafuta pete iliyoanguka,
mvuke ukiwatoka migongoni, sufuria ya maharage.
Mmoja namfahamu: Nerys, mkunga wa ghorofa ya tatu,
mwenye sauti ya kubembeleza.
Leo ananguruma.
Wahenga walitaja tembo, wakatuonea nyasi huruma.
Nimeziona nyasi za hapa. Nimewaamini.

"Wazazi!" Gethin akaita. Tumepungukiwa mmoja.
Nikakaza mtandio, nikaingia na buti za mvua.
Papai likanigonga kifuani, nikalikumbatia
kama mtoto niliyekabidhiwa kituoni.
Nikakimbia. Mimi! Na magoti haya!
Nikamwona babake Osian kule mbele, peke yake, mikono wazi,
nikamtupia.
Firimbi.
Watoto wote kwa pamoja: "Nyuma! Nyuma!"
Na Saumu, kupitia pengo la meno:
"Mama, hata mimi najua."

Mara ya pili nilisikia hatua nyuma yangu,
pumzi, mtu akiniita kwa matamshi yaliyopinda.
Sikugeuka. Nikatupa.

Kumbe jambo hili nalijua.
Kila mwisho wa mwezi, mbele ya kioo cha wakala,
natupa nyuma bila kuangalia,
na kuna mikono Muheza inayodaka:
ada ya Mbwana, bati za jiko,
dawa ya sukari ya shangazi.
Sikuwahi kudhani huko ndiko kwenda mbele.
Hata sasa sijui kama ndiko.
Siku nyingine najiona nimesimama tu uwanjani,
mikono mitupu, mvua ikininyea.

"Da iawn!" Gethin akapaza sauti.
"Asante," nikajibu.
Hakuna aliyesema Kiingereza, na tulielewana.

Tulishinda, au tulishindwa.
Aliyehesabu ni Saumu peke yake;
anasema sita kwa nne, na ananidai aiskrimu.

Jioni nimeloweka jezi yake kwenye beseni,
maji yamegeuka chai ya maziwa.
Wiki nzima mashine hunifulia mashuka ya watu.
Hii naifikicha kwa mkono, polepole,
huku nje, ukutani, papai linagonga,
linarudi linakotaka lenyewe,
na mtoto analicheka.