Mti wa Kulisha Kamba

Nyumbani kwetu, kusini kabisa mwa Luiziana,
ambako ardhi huyeyuka kama sukari kwenye chai,
Krismasi ina sharti moja tu, la mama yangu Odalie:
usitundike mtini kitu asichoweza kukila kamba.

Kamba wa majini, namaanisha.
Kamba ya katani nayo ipo, itakuja baadaye.

Basi tunatunga bisi kwa uzi wa pamba,
nusu mtini, nusu mdomoni.
Vipande vya chungwa tumevianika juu ya jiko
hadi vikawa vioo vidogo vya asali.
Pilipili kavu. Biskuti za tangawizi, ngumu kama vigae.
Na kileleni, nyota ya matete
aliyoisuka baba mwaka aliokufa.
Hiyo peke yake haishuki majini.
Mama huirudisha kwenye mkebe wa kahawa
bila kumtazama mtu.

Zawadi huja ndani ya foronya.
Jioni foronya hurudi mitoni, tunazilalia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipovunja sharti.
Kwa pesa niliyopata kwa kuuza kaa
nilinunua mjini nyuzi za plastiki, rangi ya fedha, pakiti tatu,
nikaumwagia mti wenzangu wamelala.
Ukang'aa! Sitasema uongo, ulipendeza
kama bibi harusi wa watu wenye nazo.

Mama hakupiga kelele.
Alichukua tochi na kibanio cha nyusi
akaanza kuchambua, uzi kwa uzi,
mpaka saa kumi na mbili alfajiri.
"Mia nne na kumi na sita," akasema.
"Pakiti zinasema mia nne na ishirini.
Nne ziko wapi?"

Baada ya sikukuu ya Mamajusi
kila nyumba huleta mti wake gatini.
Ya watu wa mjini huja kwa lori,
mingine bado ina vibandiko vya bei.
Tunaifunga mafungu kwa ile kamba ya katani,
tunaipakia kwenye boti ya Alcide, injini ikikohoa,
tunaishindilia kati ya safu mbili za vigingi
mahali palipokuwa shamba la miwa la bibi,
kisha palipokuwa malisho,
kisha palipokuwa.

Chovya chovya, bahari imekaribia kumaliza buyu.
Kampuni zilichimba mifereji, zikaondoka na mafuta,
maji ya chumvi yakaingia bila hodi.
Sisi tuna miti ya Krismasi.
Ndiyo, tunajua inavyosikika.

Lakini wimbi likifika penye matawi huchoka,
hutua mzigo wake wa tope, hurudi mikono mitupu.
Kamba wachanga hujificha humo, wakidonoa bisi zetu.
Kamba imeshika mti, mti umeshika tope,
kamba anakula sikukuu.

Mwaka huu nilimchukua mwanangu Remi.
Ua wa mwaka juzi hauonekani tena.
Pale ulipokuwa pameota nyasi,
hazizidi upana wa mkeka wa mtu mmoja.
Remi akauliza kama anaweza kusimama juu yake.
"Bado," mama akamjibu. "Waulize wajukuu zako."

Tulipokuwa tunageuza boti
mtoto akaona kitu kinameta
kwenye kiota kikuukuu cha yangeyange,
juu ya kigingi kilichooza nusu.

Uzi. Wa fedha.
Miaka ishirini na tisa, vimbunga vitano,
msonobari wake umeshakuwa tope, na tope nyasi,
na wenyewe haujafifia hata chembe.

Mama aliuchomoa taratibu,
akauzungushia kidoleni kama pete,
akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Bado tatu," akasema.