Orodha ya Jumatatu

Kila Jumatatu saa tatu tunaingia chumba cha nyuma,
ghorofa ya nne, Barabara ya Nkrumah,
feni inalia kama imefiwa,
na Mwamburi anafungua kompyuta
kama daktari mwenye matokeo yako.

"Tumepoteza Kisauni," asema.
Kisauni! Utadhani imezama.
Kisauni ipo, nimetoka huko sasa hivi,
nimeacha watu wananunua mahamri na mbaazi.
Lakini mchoroni ni mstari mwekundu unaoteremka,
na wale walio juu ya benki, ng'ambo ya barabara,
wametunyang'anya masikio elfu nne
kabla ya chai.

Basi tunachinja.
Nyimbo arobaini, hazizidi.
Kumi za moto, zirudi kila saa mbili u nusu.
Ishirini vuguvugu.
Kumi za kumbukumbu, ila kumbukumbu isiende mbali:
mwisho miaka kumi na tano.
Nyuma ya hapo, asema Mwamburi, si kumbukumbu, ni makaburi.
Utangulizi mrefu ukatwe. Msikilizaji ana kidole,
na kidole hakina subira.

Orodha naiandika mimi.
Jina langu halisomwi hewani.
Anayejulikana ni Swabra wa asubuhi,
ambaye hata kicheko chake kina mdhamini:
unga wa ngano.

Sasa kuna Bi Mwanaesha wa Kibokoni.
Hupiga simu kila alasiri, akishaswali,
mwaka wa sita huu.
Ataka tarabu moja iliyorekodiwa harusini,
ambamo mpiga gambusi anakohoa ubeti wa pili,
na kikohozi kile, asema, ndicho akingojacho.
"Alikuwa nani wako, Bi?"
"Mwanangu, wewe upige tu. Hayo mengine si ya redio."

Kaseti tunayo kabatini. Dakika kumi na moja.
Kompyuta iliikataa kwa urefu, kwa umri,
na kwa kikohozi, ilichokiandika: kasoro.

Jioni nikapita Mwembe Tayari.
Kinyozi anatusikiliza sisi.
Muuza viazi karai anawasikiliza wao.
Nikasimama katikati, sikio hili na sikio lile:
wimbo mmoja.
Wao wametangulia neno moja tu,
"mpenzi" inatoka kwao, "mpenzi" inaitikia kwetu,
kama watoto wa chuoni wakimfuatisha maalimu.
Hivi ndivyo vita tulivyochinjia nyimbo mia mbili.
Nikanunua viazi vya hamsini, ukwaju mwingi,
nikala nimesimama.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mtangazaji wa zamu akaumwa jino.
Nikashika mashine mimi.
Saa tisa ya usiku hakuna anayehesabu:
watafiti wamelala, wadhamini wamelala,
wako macho mabawabu, waokaji mikate
na wenye wagonjwa.
Nikaitia kaseti. Sikutangaza neno.
Dakika ya nne, akakohoa.

Simu iliyolia ilikuwa ya mwanamume.
"Nipo mbele yenu hapa, juu ya benki.
Hiyo ni ya nani? Ah, usinijibu bado. Iache iishe."
Nikavuta pazia. Ng'ambo, dirisha moja lina taa,
mtu kasimama, simu sikioni.
"Na kwenu hewani kuna nini?"
"Orodha," akasema. "Nimeipunguza sauti."

Alasiri yake Bi akapiga, kama ada.
Nikangoja aombe. Hakuomba.
"Nimepiga kwa mazoea tu," akasema.
"Mato yaniuma leo. Sikulala."

Jumatatu Mwamburi akafungua kompyuta.
Alhamisi, saa tisa ya usiku: sufuri.
Mstari umelala chini, kama siku zote.
Nikavuta karatasi,
nikaandika arobaini nyingine.