Toleo la Tisa, Lenye Mafuta

Lilikuwa na karatasi kumi na mbili
na pini mbili, moja siku zote imepinda.
Liliitwa Kitufe. Shilingi mia mbili,
kwa Hirani wa fotokopi, nyuma ya Makoroboi.
Picha zake zote kiza:
msitu kiza, joka kiza, gari la mashindano kiza,
na chini maelezo: "Tazama rangi hizi!"

Sisi wa Mabatini hatukuwa na mashine.
Kibandani kwa Lugembe dakika kumi ni hamsini,
na umeme ukikatika, dakika zako zimekwenda na maji.
Kwa hiyo nilicheza kwa kusoma.
Nilipanda mawe ya Isamilo na Shija, nikamsomea,
yeye akibonyeza kokoto mbili kwa vidole gumba,
akiruka pale Sajini Sifuri aliposema ruka.

Sajini Sifuri! Hakuna aliyemjua.
Hakuwahi kuvuka sita juu ya kumi.
Aliandika: "Mchezo huu ni ugali uliosongwa
na mtu anayetazama dirishani."
Aliandika: "Adui wa mwisho amechoka kuliko mimi. Nne."
Shija akaapa kuwa ni padri mmoja wa Nyakahoja,
maana anajua mno habari za kufa na kufufuka.

Na Bibi Betri. Yeye alisamehe.
Gemu mbovu aliitafutia hata muziki wa mlangoni,
hata namna mawingu yanavyotembea kule nyuma
wakati wewe unauawa huku mbele.
Akamalizia kila mara hivi:
"Chungu. Lakini mwisho wake unalipa."

Toleo la tisa sikulinunua.
Lilinijia mwaloni Kirumba, limefunga dagaa wa kukaanga.
Mafuta yalikuwa yameligeuza kioo:
ukurasa wa saba ukapenya wa nane,
mfungaji mabao akaingia na mpira wake ngome ya mfalme,
na tano ya Sajini ikakaa, ngumu, juu ya
sentensi ya Bibi: "Nililia, na vitunguu havikuwepo."
Nikala dagaa. Karatasi nikaianika juu ya bati,
nikaiwekea jiwe.

La kumi halikutoka.
"Wamekwisha," Hirani alisema.
Wamekwisha akina nani?
Akanyoosha mikono. Yeye alipokea bahasha
chini ya mlango, basi.

Siku hizi simu ya binti yangu ina gemu mia
na ukitaka kujua ipi nzuri unahesabu nyota.
Nyota haina jina la uongo.
Nyota haijawahi kula ugali.

Mwezi huu, dirisha la dawa, Bugando.
Mama wa miwani, kalamu yake imefungwa uzi.
Akaandika juu ya bahasha yangu ya vidonge:
mbili, kutwa mara tatu.
Akasita, kama mtu anayetafuta alama ya haki,
kisha, bila kuniangalia:
"Chungu. Lakini mwisho wake unalipa."

Kifua kikawa kibanda cha Lugembe umeme ukirudi,
luninga zote kwa mpigo.
Nikasema, "Mama, Sajini alikuwa nani?"
Nilikusudia kumuuliza habari zake yeye;
ulimi ukachagua hivyo.
Kalamu ikasimama. Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Anayefuata."

Lakini nilimwona. Kidole gumba cha kulia
kilibonyeza kaunta, mara mbili, upesi,
mahali pasipo na kitu.

Shija yuko Nansio, mtandao unamkwepa.
Vidonge vikiisha nitamtumia bahasha kwa meli.
Leo ni siku ya nne. Nyuma yake nimeandika:
Chungu kweli. Mwisho sijaufikia.
Kwa sasa, sita.